Simu Mkononi na Dirisha la Hongo

Swali tunaloulizwa mara nyingi hapa mpakani ni hili: afisa akidai hongo, je, yatosha kumrekodi kwa simu na kumtangaza mtandaoni?

Mwaka 2010, katika jiji la Bengaluru nchini India, shirika la kiraia la Janaagraha lilifungua tovuti iitwayo I Paid a Bribe, yaani "Nilitoa Hongo". Mwananchi aliandika alidaiwa kiasi gani, kwa huduma ipi na katika ofisi ipi. Hapo mwanzo majina ya watumishi hayakuchapishwa. Huenda wengine waliuona huo kuwa woga. Sisi twauona kuwa busara. Jina moja huzaa ugomvi, bali malalamiko mengi juu ya dirisha lilelile huonyesha mahali utaratibu ulipooza. Kamishna wa Uchukuzi wa jimbo la Karnataka, Bhaskar Rao, ambaye kwa taaluma alikuwa polisi kama sisi, alizisoma taarifa hizo na kuwaonya maofisa wake. Kisha maombi ya leseni za udereva yakahamishiwa kwenye intaneti, na mitihani ya udereva ikaanza kupimwa kwa mitambo. Mpokea bahasha akakosa pa kuipokelea.

Kwetu Uganda, Sheria ya Kuwalinda Wafichuaji ya mwaka 2010 humkinga atoaye taarifa kwa nia njema kwa afisa aliyeidhinishwa. Kundi la WhatsApp halimo katika orodha hiyo. Anayeanzia huko amejianika mwenyewe, tena amempa mtuhumiwa muda wa kupoteza ushahidi.

Twajua wapo wanaosita kutujia kwa kuwa mlalamikiwa amevaa sare kama yetu. Hofu hiyo ina msingi, wala hatuikani. Ndiyo maana sheria haikututaja sisi peke yetu: ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali (IGG), Tume ya Haki za Binadamu na ofisi ya RDC nazo hupokea taarifa.

Basi ihifadhini video bila kuikatakata, mkiandika tarehe, saa, kiasi na dirisha. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha ya pamoja na thamani yake haizidi dola 2,000, hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti chepesi cha asili. Ukidaiwa "ushuru" juu yake, omba risiti kwanza. Ukinyimwa, taarifa yako imeanzia hapo.