Pikapu yako, mafuta ya bidoni

Mwenye pikapu ndogo hapa Katanika, nje kidogo ya Kalemie, hasumbuliwi na wingi wa pampu. Sehemu kubwa ya mafuta huvuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kigoma, hushushwa bandarini, humiminwa kwenye mapipa, kutoka mapipa hadi bidoni za lita 20, na kutoka bidoni hadi chupa za wale wauzaji wa kando ya barabara ambao katika miji mingi ya Kongo huitwa Kadhafi. Kila mkono unaoyapokea unaweza kuongeza kitu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye gari hapa ni usafi. Daraja la mafuta linafuata baadaye, na kwa mbali.

Tuanze hata hivyo na daraja, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa bure. Namba ya oktani haipimi nguvu ya esanse. Inapima uwezo wake wa kuvumilia kubanwa ndani ya silinda bila kuwaka kabla ya wakati. Hilux ya esanse yenye injini ya lita 2.7, ile 2TR-FE, inataka oktani 91. Ukiitilia 95 haitakimbia zaidi wala kula kidogo zaidi. Pikapu iliyotoka Marekani huwa na kibandiko cha 87 kwenye mfuniko wa tangi. Wamarekani wanahesabu kwa njia yao, na hiyo 87 inakaribiana na 91 ya kwetu. Asikudanganye mtu kwamba gari la 87 linakubali uchafu wowote.

Dalili ya kuangalia ni injini kugonga: mlio mkavu wa chuma unaosikika ukiwa umepakia mihogo na unapanda mlima. Mara nyingi maana yake ni kwamba esanse imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni rahisi kuchanganya na yanashusha oktani vibaya. Punguza mguu, rudisha gia, na mafuta yaliyobaki tangini uyaongezee esanse safi kabla ya safari ndefu. Kugonga kwa muda mrefu hutoboa pistoni. Na ukiagiza kwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, sema wazi unataka nini: kwake petroli ni esanse, kwetu petroli ni ya taa.

Upande wa mazutu, yaani dizeli, ndiko hatari ilikojificha, kwa sababu dizeli iliyochakachuliwa haigongi wala haipigi kelele. Gari linakwenda vizuri tu, huku pampu ikiliwa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Injini za zamani za Hilux, 2L, 3L na 5L, zina pampu ya kawaida yenye mgandamizo mdogo na huvumilia mengi. Lakini injini za D-4D, kama 1KD, husukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi bar 1,000, na chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho inatosha kuharibu nozeli ambayo bei yake itakufanya ukae chini.

Maji ni adui wa pili, hasa masika. Chini ya filta ya mazutu kuna kikombe cha kutenganisha maji, chenye skrubu ndogo ya kutolea. Kifungue kila wiki wakati wa mvua, acha yatiririke mpaka uone dizeli tupu, ukifunge. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, simama siku hiyohiyo. Madereva wengi huizoea kama walivyozoea taa ya mkanda wa kiti.

Kabla ya kununua, pima. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iache itulie dakika kumi: maji na tope vitakaa chini. Kwa esanse, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka na kuacha doa la mafuta, kuna kitu kimeongezwa. Muuzaji mwenye mizani atakusaidia bila kujua: lita 20 za esanse, ukiondoa uzito wa bidoni, huwa karibu kilo 15, na za mazutu karibu kilo 17. Esanse yenye kilo 16 ina maswali ya kujibu. Hakikisha tu bidoni haijabadilishwa umbo kwa maji ya moto, maana hapo ujazo wake si lita 20 tena.

Kitambaa kwenye mdomo wa tangi huzuia mchanga tu, maji yanapita. Bidoni iliyobeba mawese usiitumie kabisa, hata ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Ukiweka pipa la lita 200 nyumbani, lilaze chini ya paa, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia. Pipa lililosimama wima mvuani hukusanya maji juu yake, na likipoa usiku huyavuta ndani kupitia kifuniko.

Kuhusu moto sitasema mengi, kwa kuwa barabara ya kwenda Bukavu imeshasema. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya 200. Bidoni ya esanse ijazwe ikiwa chini ardhini, isijazwe juu ya bodi ya pikapu yenye plastiki, kwani umeme wa msuguano unaweza kuwasha mvuke wake. Abiria wasikalie bidoni. Mdomo usitumike kuvuta mafuta kwa mpira: esanse ikiingia kwenye mapafu ni kazi ya hospitali.

Kwa anayetafuta gari leo, ushauri wangu ni kuchagua injini inayolingana na mafuta yaliyopo. Kwa mazutu, kiwango cha Ulaya ni salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishuka hadi 50 mwezi Januari 2015. Pikapu mpya kutoka Ulaya yenye kichujio cha masizi kwenye egzosi imeundwa kwa mazutu ya kiwango cha Ulaya, na dizeli iliyopita kwenye bidoni nyingi itakiziba mapema. Hilux yenye 5L, au ya esanse yenye 2TR, haina mbwembwe, lakini fundi yeyote wa Kalemie anaijua na vipuri vyake vinapatikana. Ukiwa tayari na D-4D, badilisha oili kila kilomita 5,000, filta ya mazutu kila unapobadilisha oili mara mbili, na mkanda wa taimingi wa 1KD usivuke kilomita 150,000. Kama ndiyo kwanza unainunua, uliza muuzaji lini ulibadilishwa. Akinyamaza, weka bei ya mkanda mpya ndani ya bei ya gari.