Fildi kwenye kijiji cha ngitili: maswali yenu na majibu yangu

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunga, vijana huniuliza mambo yale yale kuhusu kwenda kuishi kijijini Shinyanga wajifunze hifadhi ya ardhi. Nimekuwa afisa misitu huku kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na wengi wao nimewapokea mwenyewe stendi. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi.

Ngitili ni nini hasa? Kwa nini nisiisome tu kwenye ripoti?

Ngitili ni malisho ya akiba ya Wasukuma. Mvua zikianza, eneo linafungwa na ng'ombe haingii. Majani yanakua, visiki vinachipua. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, linafunguliwa kipande kimoja kimoja mpaka mvua zirudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833.

Tarakimu hizo utazipata kwenye ripoti. Usichokipata humo ni jinsi mtu mwenye ng'ombe hamsini anavyokubali kuwaswaga mbali kila asubuhi, huku majani mabichi yako nyuma ya nyumba yake. Hilo linaamuliwa na watu waliokaa chini wakaelewana, na ndilo nakutaka ukalione.

Bibi yangu alihamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka 1974. Anasema haya ya kuishi kwa jumuiya ni yale yale. Ni kweli?

Mheshimu bibi yako, maana anasema aliyoyaona. Wakati wa Operesheni Vijiji watu wa Shinyanga waliondolewa kwenye maboma yao wakapangwa kwa mistari. Ngitili zilizokuwa kando ya maboma zikabaki bila mwenyewe, zikakatwa. Ardhi ilikuwa tayari imechoka: wakoloni walifyeka mapori kupambana na mbung'o, kisha pamba ikala sehemu kubwa ya yaliyobaki. Kwa hiyo kijiji kilichoundwa kwa amri kilivunja jumuiya iliyokuwepo, na miti ikaenda nayo.

Lakini mwambie bibi kuwa kulikuwa na ujamaa wa namna nyingine. Kule Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha Litowa kwa hiari yao, kabla hata ya Azimio la Arusha. Jaribio la kwanza la mwaka 1960 liliwashinda kwa kukosa chakula. Wakarudi mwaka uliofuata. Baadaye vikundi vilivyotaka kuanzisha vijiji vyao vilipeleka watu Litowa kuishi na kufanya kazi pale kwanza, nacho Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kikaviunganisha vijiji hivyo. Kwangu mimi hao ndio wanafunzi wa kwanza wa fildi ya namna hii nchini. Septemba 1969 chama hicho kikapigwa marufuku. Ninapoikumbuka habari hiyo huniuma, kwa sababu miaka mitano tu baadaye watu walisombwa kwa malori kwenda kujengewa kitu ambacho wenzao walikuwa wameshakijenga kwa mikono yao.

Huku Shinyanga, HASHI ilifanikiwa kwa sababu iliwarudia wenyeji. Dagashida, ule mkutano wa jadi wa Kisukuma, ikapewa nafasi yake. Atakayeingiza mifugo ngitilini anatozwa nchenya, faini ya jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wanasimamia. Serikali ya kijiji nayo ikaandika sheria ndogo juu ya msingi huo.

Nikifika nijitambulishe kwa nani? Nitakula nini?

Barua yako ipite halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Usiishie ofisini. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na umsalimie mzee wa kaya utakayolala. Asubuhi sema "mwangaluka", ukipewa kitu sema "wabeja". Hayo mawili yatakufungulia milango kuliko mhuri wa chuo.

Chakula ni ugali, mara nyingi na mlenda au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Asubuhi utapewa michembe na karanga. Kula wanachokula. Kachangie unga na sukari, usigawe hela mkononi.

Nitafanya kazi gani? Nahitaji data za ripoti yangu.

Wiki mbili za kwanza, kazi ya nyumba uliyofikia. Lima, chota maji, chunga.

Kijana mmoja alikuja na kompyuta mpakato na fomu za kurasa kumi na moja. Mzee mwenyeji wake akampa panga, akampeleka kwenye kisiki cha mgunga chenye machipukizi kama ishirini. "Bakiza matatu." Kijana akabakiza yale marefu. Mzee akachuchumaa, akalishika lililo refu kuliko yote kwa vidole viwili, akalisukuma kidogo. Likabanduka na gome lake. Lilikuwa limeota juu, mahali kisiki kilipoanza kuoza. Kisha akamwonyesha fupi moja lililotoka chini kabisa, usawa wa udongo, ambalo kijana alikuwa ameshalikata. Yule kijana hakuzitoa tena zile fomu mpaka wiki ya tatu, na alipozitoa alikuwa amefuta nusu ya maswali.

Swali moja lakini usilifute: nani hafaidiki? Karibu nusu ya ngitili ni za familia moja moja, na mwenye eneo kubwa ndiye mwenye ng'ombe wengi. Mjane asiye na ng'ombe anapata kuni, uyoga na dawa, pengine si zaidi ya hapo. Muulize yeye mwenyewe, na muulize akiwa peke yake.

Mimi ni binti. Nitaruhusiwa kukaa kwenye mkutano?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume. Dagashida kwa desturi ni ya wanaume, kwa hiyo omba ruhusa kupitia mama mwenyeji wako, na ukubali kuketi mahali utakapoonyeshwa. Ila mwanangu, mengi yanayosemwa mkutanoni yameshazungumzwa kisimani. Nenda na ndoo.

Kwetu ni Geita. Kaka zangu wako duarani, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lwamgasa, wanasema napoteza muda. Niwajibu nini?

Usibishane nao. Waulize magogo ya matimba yanatoka wapi. Duara halisimami bila miti ya kuzuia kuta, na rashi ya dhahabu ikilipuka mahali, magogo na mkaa vinatafutwa hata kwenye mapori ya majirani. Mwenye ngitili anapigiwa simu na mnunuzi wa magogo mwaka ambao mvua zimekataa na ada ya shule inadaiwa. Huo ndio mtihani wa sheria za kijiji siku hizi, na sijaona chuo kinachoufundisha.

Tena duara nalo ni jumuiya. Lina mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na mawe yakitoka viroba vinagawanywa kwa makubaliano yaliyowekwa kabla ya kushuka. Kaka zako wanajua mambo ya mgawo ambayo ungelipa ada kuyasoma. Wiki ya mwisho ya fildi nenda ukae nao uwaandike pia. Kaa mbali tu na mahali wanapochoma zebaki, maana moshi ule unaharibu ubongo na figo, na uwaambie hivyo bila kuwaficha.

Wiki nane zinatosha?

Zinatosha kupata alama chuoni. Ngitili huijui mpaka umeiona siku inapofungwa na siku inapofunguliwa, na kati ya siku hizo mbili kuna miezi minane au zaidi. Kama umemaliza chuo na bado huna ajira, omba kukaa msimu mzima. Vijiji vingi hufunga ngitili mvua za Novemba zinapoanza, kwa hiyo barua yako iwe imemfikia mtendaji kabla ya Oktoba kwisha.