Fundi wa Stima Hutafutwa Mchana

Hapa Kitengela, nguzo za stima kutoka Noonkopir hadi barabara ya Namanga zimebandikwa karatasi za kila aina: mganga wa mapenzi, lori la kunyonya maji taka, chumba cha kupanga kisicho na dalali, na katikati ya hayo yote, namba ya fundi wa stima. Niliipiga moja ya namba hizo usiku wa mvua za Aprili, simu ikimulika jikoni palipojaa harufu ya plastiki iliyoungua. Fundi alifika upesi, hapo sina lawama. Alikuwa na koleo, testa na tepu nyeusi. Alikata sehemu ya waya iliyoungua, akazisokota ncha mbili, akazifunga tepu, akazisukuma ukutani na kusema, "Iko sawa, boss." Ilikuwa sawa kwa wiki mbili.

Fundi wa pili alikuja mchana. Alizima swichi kuu, akafungua soketi ya jikoni, akanionyesha skrubu iliyolegea. Waya usiobanwa vizuri hupata joto kila unapobeba mzigo mkubwa, na jiko langu la umeme lilikuwa limechomekwa hapo miezi mitatu. Mwenzake alitibu jeraha akaacha kisu ndani. Lakini kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake: mtu aliye gizani, watoto wanalia, hana nafasi ya kuchagua. Atamchukua yeyote atakayepokea simu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na hauna gharama kubwa. Ukihamia Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, mtafute fundi mwezi wa kwanza, wakati huna shida. Mwite kwa kazi ndogo: kubadilisha soketi iliyopasuka, kufunga taa ya nje, kukagua sanduku la breka. Kisha keti karibu umtazame. Kazi ya nusu saa itakueleza mengi kuliko maelezo yake yote kwenye simu.

Tazama anaanza na nini. Fundi mzuri huuliza maswali kabla ya kushika bisibisi: tatizo lilianza lini, kilitokea nini kabla, kuna kitu kipya kimechomekwa? Akishamaliza kuuliza huzima umeme, kisha hupima kuhakikisha umezimika kweli. Anayefungua soketi yenye moto na kujisifu kwamba amezoea, mlipe nauli aende. Tazama pia vifaa vyake. Testa ya kuwaka taa humwambia kuna umeme au hakuna, basi. Haimwambii ni volti ngapi, wala kama waya wa athi umeunganika. (Athi ya umeme nasema, si mto ulio jirani yetu.) Kwa hayo anahitaji mita ya kupimia, na fundi asiyekuwa nayo anabahatisha.

Athi yenyewe ni jambo la kuangaliwa sana kwetu huku. Udongo mweusi wa Kitengela hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nyufa za kuingia mkono. Fimbo ya athi iliyochomekwa ardhini hubaki imesimama katika ufa, haigusi udongo inavyopaswa, na kibano chake kikishika kutu, kinga yote imebaki jina. Mwombe fundi akuonyeshe fimbo ilipo na aipime. Ikiwa nyumba yako haina fimbo kabisa, na zipo nyumba za kupanga zisizonayo, umepata kazi ya kwanza ya kumpa au ya kumwandikia mwenye nyumba.

Kwenye sanduku la breka tafuta kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hicho hukata umeme pale unapovuja, kwa kawaida uvujaji ukifika miliampea 30, yaani kabla haujamuua mtu. Bonyeza kitufe mara moja kwa mwezi, kisipokata, kibadilishwe. Lakini usidanganyike: kitufe kinapima kifaa chenyewe tu, hakipimi athi.

Sasa leseni. Mdhibiti ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati ya 2019. Ndiyo inayowapa mafundi leseni kwa madaraja. La chini ni C2, kisha hupanda C1, B hadi A. Leseni ina namba na tarehe ya kuisha, na jina la fundi linaweza kutafutwa katika orodha ya EPRA mtandaoni. Mwombe leseni na kitambulisho pamoja, kwa sababu leseni ya binamu hutembea sana. Kuna pia vyeti vya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ambavyo huanza gredi ya 3 na kupanda hadi ya 1. Cheti cha NITA kinaonyesha kwamba mtu alijaribiwa ufundi wake. Leseni ndiyo inayomruhusu kufunga umeme. Vijana wengi wazuri wa mitaani wana cha kwanza na hawana cha pili, na hufanya kazi chini ya mwenye leseni. Hilo si aibu, mradi huyo mwenye leseni awe mtu unayeweza kumpigia simu. Unapoongeza laini mpya, kubadilisha sanduku la breka au kuunganisha nyumba mpya, hapo usikubali maneno. Nyumba mpya haipewi mita bila cheti cha kukamilisha kazi kilichotiwa sahihi na mwenye leseni.

Kuna kazi moja ninayoitumia kumpima fundi, nayo ni shawa ya umeme. Kitengela tunaoga maji ya visima virefu, na mengi yana chumvi. Shawa ya kawaida ina koili iliyo wazi ndani ya maji. Maji yakiwa na chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na koili yenyewe huliwa haraka. Ndiyo maana madukani kuna shawa za maji ya chumvi, ambazo koili zake zimefunikwa. Fundi anayejua mji wetu atauliza kabla ya kwenda hadwea: "Maji yenu ni ya kisima au ya mfereji?" Asipouliza, mwambie wewe, halafu uangalie uso wake.

Halafu mfanyie hesabu. Shawa ya wati 5,400 ukiigawa kwa volti 240 inavuta ampea 22.5. Waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, wa soketi ni 2.5. Shawa inataka wake peke yake kutoka kwenye sanduku, wa 4 au, kwa shawa kubwa na njia ndefu, 6, pamoja na breka yake na swichi yake nje ya bafu. Nimewahi kuona shawa iliyounganishwa kwenye waya wa taa ya bafuni. Breka ilipokuwa inaanguka kila asubuhi, mtu fulani alitatua kwa kuweka breka kubwa zaidi. Breka haipo kulinda shawa, inalinda waya ulio ukutani. Ukiweka kubwa juu ya waya mwembamba, waya ndio utakaogeuka koili. Fundi akikwambia "tuweke breka kubwa ndiyo isisumbue" bila kupima waya, mazungumzo yameisha.

Kuhusu vifaa, nenda hadwea pamoja naye, au mwambie aandike orodha ukanunue mwenyewe. Waya bandia ni biashara ya kweli. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ina namba ya kibali. Tuma SM#, kisha namba hiyo, kwa 20023, utajibiwa ni ya nani. Vifaa vilivyobadilishwa vibaki kwako, hata kama vimeungua. Soketi iliyotolewa ukutani ni ushahidi wa kilichotokea, na fundi mwaminifu hukuonyesha bila kuombwa.

Bei mkubaliane kabla, kazi mbali na vifaa mbali. Fundi anayetoka Kajiado mjini kuja Kitengela anapita Isinya kwanza, nauli hiyo ni halali aidai. Na kazi ya usiku ina bei yake. Lipa kwa M-Pesa ili jina na siku vibaki kwenye simu. Baki na sehemu ya malipo mpaka vyombo vyote viwashwe kwa pamoja, jiko, pasi na shawa, dakika kumi. Kama umepanga, mtumie mwenye nyumba ujumbe na picha kabla ya kununua chochote. Waya wa ukutani ni mali yake, na ukitengeneza kimya kimya usishangae akikataa kukatwa kodi.

Dharura nyingi, hata hivyo, si za fundi. Stima ikipotea, chungulia nje kwanza. Mtaa mzima ukiwa giza, tatizo ni la Kenya Power, kampuni ya stima, na fundi atakulia nauli bure. Piga 97771 au *977#. Jirani akiwa na taa, tazama mita yako: tokeni zimeisha? Tokeni za Kenya Power hununuliwa kwa namba 888880 ya M-Pesa. Lakini ploti nyingi za Kitengela zina mita ndogo za mwenye nyumba, ambazo tokeni zake hazitoki huko. Wanaokaa humo wakipiga 97771 watapoteza usiku, kwa sababu Kenya Power inaijua mita kubwa tu. Wampigie anayesimamia ploti. Mpaka wa kukumbuka ni mita: kabla yake ni kazi ya Kenya Power, baada yake ni yako na fundi wako. Fundi anayejitolea kukata lakiri ya mita au kupitisha waya kando yake anakuuzia kesi.

Kukiwa na harufu ya kuungua au cheche, zima swichi kuu na usiiwashe tena kujaribu. Mtu akishikwa na umeme usimvute kwa mkono. Zima kwanza, na kama hufikii swichi, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Waya wa nguzo ukianguka baada ya upepo, na tambarare yetu ina upepo, kaa mbali, zuia watoto na mifugo, piga 97771. Usiwaze kwamba umekufa kwa sababu hautoi cheche.

Umeme ukirudi baada ya kupotea muda mrefu, volti zinaweza kuruka. Wengi walijifunza hilo mwaka 2023, nchi nzima ilipoingia gizani Agosti 25, kisha Novemba na Desemba. Chomoa friji na televisheni stima inapopotea, acha taa moja ikiwa imewashwa ikupe habari, na usubiri dakika chache baada ya kurudi. Fundi anaweza kukufungia kifaa cha kulinda nyumba nzima kwenye sanduku la breka. Kwa mwenye pampu ya kisima naona ni lazima, kwa sababu pampu huungua ikiwa chini shimoni na kuitoa ni gharama nyingine.

Basi leo, kabla ya jua kuzama, andika kwenye karatasi namba ya fundi uliyempima, ya mwenye nyumba na 97771, uibandike ndani ya mlango wa sanduku la breka. Usitegemee simu peke yake. Stima ikipotea, chaji nayo huwa imebaki asilimia tatu.