Unaenda Uchina Kuchukua Mzigo? Jua Desturi Kabla ya Kutuma Pesa

Unapanga safari ya Guangzhou au Yiwu? Swali la kwanza huwa ni utalipaje ukifika huko. Ni swali zuri, lakini kuna lingine la kujiuliza mapema: utaelewanaje na yule unayemlipa? Ukizijua desturi chache za Wachina, utaheshimika, na hutatuma pesa ukidhani mmekubaliana kumbe bado.

"Ndiyo" si mkataba

Wachina huthamini sana mianzi, yaani heshima ya mtu mbele ya wenzake. Kwa hivyo si rahisi muuzaji akwambie "hapana" waziwazi. Utasikia "tutaangalia", au "mei wenti", maana yake hakuna shida. Neno lingine la kutegea sikio ni "chabuduo": karibu sawa. Ukiambiwa rangi ya kitambaa ni chabuduo, huenda si ile uliyoagiza.

Usimfokee mbele ya wafanyakazi wake, zungumza naye kando. Na badala ya kuuliza "Mtamaliza mwezi huu?", uliza "Mtamaliza tarehe ngapi?" Hapo "ndiyo" pekee haitoshi, na jibu liandikwe.

Ofisini na mezani

Kadi ya biashara hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili. Isome kwanza, usiitie mfuko wa nyuma. Jina la ukoo ndilo hutangulia, kwa hivyo Li Wei mwite Bwana Li.

Mezani, usisimamishe vijiti vya kulia kwenye wali, kwani hufanana na ubani unaochomewa wafu. Huko Guangzhou mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili: hiyo ni asante. Aliyekualika ndiye hulipa. Ukitaka kurudisha wema, mwalike siku nyingine. Na bakshishi kwa wahudumu wa mikahawa si desturi yao.

Majani chai au kahawa ya Kenya ni zawadi nzuri. Akikataa mara moja au mbili, usiirudishe begini, huenda ni adabu tu. Usimpelekee saa ya ukutani: kwa Kichina, maneno ya "kumpa mtu saa" husikika kama kumsindikiza marehemu. Nambari 4 nayo inakaribiana kwa sauti na neno kifo, lakini 8 ni ya bahati.

Sasa tuje kwa pesa

Madukani wengi hulipa kwa kuskani msimbo wa QR kupitia Alipay au WeChat. Pakua programu hizo ukiwa bado Kenya, jithibitishe kwa pasipoti na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Beba pia yuan kidogo taslimu. WhatsApp imefungwa kwenye mtandao wa huko, kwa hivyo mazungumzo na muuzaji yawe WeChat.

Utasikia pia habari za hongbao, bahasha nyekundu ya pesa inayotolewa Mwaka Mpya na harusini. Tangu 2014 hutumwa pia kwa WeChat. Hiyo ni zawadi. Mtu akitaka malipo ya mzigo kwa hongbao, kataa.

Viwanda vingi huomba amana ya 30%, na 70% iliyobaki kabla mzigo haujasafirishwa. Kabla hujatuma hata shilingi:

1. Hakikisha jina la akaunti linalingana na jina la kampuni kwenye ankara. Ukipewa akaunti ya mtu binafsi, simama kwanza.
2. Omba nakala ya leseni ya biashara. Huwa na nambari ya usajili yenye tarakimu na herufi 18.
3. Ukiletewa ujumbe kwamba akaunti imebadilika, mpigie simu ya video yule mliyekutana naye. Usijibu ujumbe huo.

Unaogopa kuonekana humwamini? Mwambie, "Mhasibu wetu hawezi kulipa bila karatasi hizi." Hujamshuku, hajaaibika, na mianzi yake iko salama. Muuzaji wa kweli ataleta karatasi. Akianza kukuharakisha, usibonyeze "tuma".