Haki za Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu

Tabibu anapoiambia aila kwamba baba yao amepatwa na maradhi ya Alzheimer, jambo la kwanza ambalo sheria ya Tanzania hutaka lijulikane, na ambalo aghalabu jamaa hawalijui, ni kuwa siku ile hakuna haki hata moja iliyomtoka mgonjwa: nyumba yake ya Kilwa Kivinje ni yake, minazi na mikorosho yake ni yake, ndoa yake ni ileile, neno lake juu ya mambo yake lingali na uzito, wala cheti cha hospitali hakimpi mwana mkubwa, hata akiwa ndiye anayeilisha nyumba nzima, mamlaka ya kuuza au kutia sahihi kwa niaba ya mzazi wake. Nimelitanguliza hili kwa sababu dhuluma nyingi wanazotendewa wazee wa hali hii hutendwa na watu wao wenyewe, waliochoka kwa uuguzi na kubanwa na gharama, nao huzitenda wakidhani kwamba wanatumia haki ambayo kwa hakika hawana.

Maradhi haya yalipewa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mbele ya matabibu wenzake mwaka 1906, nayo huuharibu ubongo polepole kwa miaka mingi, yakianza na mambo ya jana na kuyaacha ya zamani yangali mazima, hata mzee akaweza kukusimulia jahazi alilosafiria ujanani na majina ya mabaharia wake wote, na asikumbuke kwamba amekwisha kula chakula cha mchana. Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya nchi za mbali, kwani uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 waliotimiza miaka 70 au kupita, 6 hivi walikuwa wamepatwa na maradhi ya kupotewa na akili, ambayo Alzheimer ndiyo aina yake iliyoenea zaidi duniani. Huku kwetu pwani mzee wa namna hiyo huambiwa amerudi utotoni, au kwamba amechezewa, na jamaa wakaumaliza mwaka mzima kwa waganga kabla ya kumfikisha hospitali ya wilaya ya Kilwa, Kinyonga, au ile ya rufaa ya mkoa, Sokoine, mjini Lindi. Mimi si tabibu, na sina la kuongeza juu ya dawa. Lakini kwa upande wa sheria mwaka ule uliopotea ni hasara kubwa, kwa kuwa ndio mwaka ambao mzee alikuwa bado anafahamu, na karibu kila jambo jepesi ambalo sheria yaruhusu lifanywe, yaruhusu lifanywe wakati wa kufahamu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika vifungu vya 11 na 12, yasema kwamba mkataba huwa sahihi iwapo mwenye kuufanya, wakati ule anaoufanya, aweza kuuelewa na kupima kwa akili yake faida na hasara zitakazomfikia. Maneno ya kushikwa hapo ni haya: wakati ule anaoufanya. Sheria haikusema kwamba mwenye maradhi ya akili hana tena neno maisha yake yote. Bali imekiri waziwazi kuwa mtu ambaye kwa kawaida akili yake imepungua, ikamrudia kwa nyakati, aweza kufanya mkataba katika nyakati hizo. Wanaouguza wazee wa maradhi haya wajua vema kwamba wengi wao huwa na fahamu zaidi asubuhi na kuchanganyikiwa jua likielekea kuchwa. Basi ikiwa pana hati ya kuandikwa, iandikwe asubuhi, asomewe kwa lugha anayoisema nyumbani, aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe amesikia nini, na apatikane tabibu aliyemwona karibu na siku ile aandike kwamba alimkuta anafahamu. Karatasi hiyo ya tabibu huweza kuiokoa nyumba nzima na kesi ya miaka mingi.

Kinyume cha hayo ndicho kinachotendeka mara nyingi. Ardhi ya pwani yetu imepanda thamani: Kilwa Masoko kumekuja mradi wa bandari ya uvuvi, na Likong'o, karibu na mji wa Lindi, wananchi wamelipwa fidia kupisha mradi wa gesi, na kila penye fidia au mnunuzi huzuka haja ya sahihi ya mzee. Karatasi huletwa barazani baada ya sala ya alasiri, tayari imekwisha kuandikwa. Mjukuu mmoja hukishika kidole gumba cha babu yake, hukibonyeza kwenye kidau cha wino wa buluu, kisha hukishindilia mahali pa sahihi, naye mzee, aliyezoea kuitikia, huitikia, huku akiuliza mgeni huyu ni nani na kwa nini hajapewa kahawa. Mkataba wa namna hiyo ni batili tangu mwanzo, kwa kuwa aliyeufanya hakuwa na uwezo wa kuufanya. Hata pale ambapo mzee alikuwa na fahamu nusunusu, kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo humhesabu yule anayepatana na mtu ambaye akili yake imeathirika kwa umri au maradhi kuwa ni mwenye nafasi ya kuyatawala mapenzi yake, na mapatano yakionekana dhahiri kuwa ya kumpunja, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakumshawishi isivyo haki humwangukia mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara naye ana haja ya kuogopa kidole gumba kile.

Sasa nije kwenye kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya kwa nia njema. Wakisikia habari ya maradhi, watoto humchukua mzazi kwa wakili na kutengeneza hati ya uwakala, ambayo wengi huiita nguvu ya kisheria, ili mmoja wao asimamie mali. Kisha huiweka kabatini wakiamini kwamba watakuwa na amani mpaka siku ya mauti. Hawakuambiwa, au waliambiwa wasisikie, kwamba kwa sheria yetu uwakala hukoma mwenye kuutoa anapofariki, na hukoma vilevile akili yake inapomtoka. Yaani hati ile hufa katika saa ileile ambayo aila ilitaraji iwafae, na kila anachouza mwana kwa hati hiyo baada ya hapo kina shaka ya kisheria. Uingereza, ambako kanuni hii ilitoka, waliona ubaya wake, na tangu mwaka 1985 wakaruhusu kwa sheria aina ya uwakala unaodumu baada ya akili kutoweka. Kwetu kanuni ya zamani ingali imesimama, nami nasema bila kusita kwamba Bunge letu lingewafanyia wazee wetu ihsani kubwa kama lingeitazama upya.

Je, wakati wa fahamu utumiwe kwa nini? Utumiwe kwa yale ambayo hayafi pamoja na akili. Mzee aweza kuandika wosia, na Mwislamu akumbuke mpaka wa thuluthi ya mali yake na kwamba wosia kwa mrithi hautimii ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Wosia huo waweza kuhifadhiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Aweza kuorodhesha mashamba yake na mipaka yake, madeni anayodai na anayodaiwa, mbele ya mashahidi. Aweza kwenda benki na kuomba masharti ya akaunti yake yabadilishwe. Na aweza, jambo ambalo wachache hulifikiria, kuandika kwamba siku akili ikimwondoka angependa nani kati ya watoto wake asimamie mali, na nani asiisimamie. Hakimu hatafungwa na maandishi hayo, lakini ni vigumu kuamini kwamba atayapuuza.

Wakati huo ukipita, mlango uliobaki ni mmoja, nao ni mahakama. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, jamaa aweza kuomba mahakama ichunguze hali ya mgonjwa na kumteua msimamizi wa mali yake. Maombi mengi ya aina hii yamesikizwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Lindi na Kilwa masjala yake imekuwa Mtwara, na safari ile si ndogo kwa mtu wa Somanga au Njinjo. Lakini amri itokayo huko ndiyo karatasi ambayo benki, mfuko wa pensheni na ofisi ya ardhi hazitaikataa. Mwombaji aende na taarifa ya tabibu isiyotaja jina la ugonjwa tu, bali ieleze mgonjwa aweza kuelewa nini na hawezi nini. Aende na orodha ya mali, na muhtasari wa kikao cha familia uliotiwa sahihi na ndugu wote, pamoja na wale walioko Dar es Salaam na Maskati, kwa sababu pingamizi la ndugu mmoja aliyeachwa nje laweza kulichelewesha shauri muda mrefu. Akishateuliwa, mali ile ni amana mkononi mwake, naye huwajibika kutoa hesabu. Kwa hiyo awe na daftari la mapato na matumizi, na asiuze kiwanja wala shamba pasi na kuomba kwanza ruhusa ya mahakama. Wenye kudhani kwamba utaratibu huu ni wa kigeni na wairejee ile aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara, itakayo kwamba asiyeweza kuimla mwenyewe, kwa udhaifu au upungufu wa akili, basi walii wake amwimlie kwa uadilifu, mbele ya mashahidi.

Mali ya mkulima wa kwetu mara nyingi haimo katika hati bali imo katika ufuta na korosho, ambazo hupimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, na fedha yake huingia katika akaunti ya mkulima benki. Mwana anayeichukua kadi ya baba yake na namba yake ya siri na kutoa fedha zile, hata azitumie zote kwa dawa na unga wa uji, hana kinga siku ndugu yake akimshitaki. Kwa muda ambao amri ya mahakama haijapatikana, jamaa na wakubaliane kwa maandishi nani atapokea nini na kwa matumizi gani, na risiti zote zitunzwe.

Mke wa mgonjwa namweka peke yake, kwa kuwa yeye ndiye husahauliwa kuliko wote, hali ndiye anayeamka usiku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, humzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Na mke ambaye nyumba yao iko katika kiwanja kilichosajiliwa aweza kuomba zuio liandikwe kwa Msajili wa Hati. Kifungu cha 63 nacho humtaka mke mwenye uwezo amtunze mume ambaye maradhi yamemzuia kujitafutia riziki. Na iwapo mzee katika ghadhabu za maradhi amemtamkia talaka, kama itokeavyo, na wana wa mke mwingine wakasema mama yule hana tena haki ndani ya nyumba, wajue kwamba fikihi haiihesabu talaka ya asiye na akili, na kwamba kwa sheria ya nchi hakuna talaka iliyotimia mpaka shauri lipite katika baraza la usuluhishi na mahakama itoe amri. Bibi huyo akae nyumbani kwake.

Ardhi ya kijiji ina kinga yake: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Aila yenye hadhari humwandikia mwenyekiti na mtendaji barua mapema, ikieleza hali ya mzee na kuomba kwamba lisipitishwe ombi lolote la kuhamisha shamba lake bila jamaa kuitwa, na hubakiza nakala iliyogongwa muhuri.

Yako mambo ya mwili pia, ambayo kutajwa kwake mwishoni si kwa kuwa ni madogo. Katiba yetu, katika ibara ya 12 na ya 13, humpa kila mtu heshima ya utu wake na kukataza mateso na adhabu za kumdhalilisha, nayo haikumtoa mzee aliyesahau jina lake. Kumfunga kamba kitandani ili asitoroke, kumfungia chumbani mchana kutwa, kumpiga kwa sababu amejichafua, ni mambo yanayoweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu, hata kama aliyetenda ni binti aliyekwisha kukesha usiku wa tatu mfululizo. Na kwa ajili ya binti huyo, kikao cha familia kipange zamu, kwa majina na kwa siku. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, imeelekeza kwamba asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na utambulisho wake huanzia kwa mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Zanzibar wamepiga hatua zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 kila mzee wa miaka 70 hupata pensheni jamii. Bara bado hatujafika, na wazee wa Kilwa wanayo haki ya kuliuliza hilo kwa mbunge wao.

Asiye na fedha za wakili asikae nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure, na ofisa maendeleo ya jamii katika halmashauri, Kilwa Masoko au Lindi, aweza kumwelekeza mtu kwao. Aende na kitambulisho cha taifa cha mzee, cheti cha ndoa kama kipo, karatasi za hospitali, hati au barua yoyote ya shamba, kitabu cha chama cha msingi, na majina ya watoto wote, wa kila mke.