SOMO: Jibu Lisipoteze Swali Lake

Lengo: Mwisho wa somo hili, mshiriki ataweza kujibu barua moja iliyo ndani ya mkusanyo wa barua pepe bila kukata mfululizo wa mazungumzo.

Kwa nini somo hili?

Kamati nyingi za amani hujadiliana kwa barua pepe. Mjumbe mwenye intaneti ya shida huomba apokee barua zote za kikundi kwa pamoja, pengine mara moja kwa siku. Huo ndio mkusanyo. Unapunguza wingi wa barua, lakini una hatari yake wakati wa kujibu.

Tuchukue mfano wa kamati moja ya Likasi. Mkusanyo namba 14 una barua tatu. Ya kwanza inauliza kama vijana wachimbaji wa madini waalikwe mkutanoni. Ya pili inaarifu kwamba baadhi ya wakazi wanataka wachimbaji hao wafukuzwe mtaani. Ya tatu ni hesabu ya nauli. Mjumbe anabonyeza "Jibu" na kuandika: "Nakubali kabisa, tufanye haraka." Amekubali nini? Yeye alimaanisha mwaliko. Mwenzake anaweza kusoma kwamba amekubali watu wafukuzwe.

Likasi neno "kufukuza" lina uzito. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao, na wengi walilala siku nyingi kwenye stesheni wakingoja gari moshi la kuwatoa Katanga. Uchochezi wa maneno ulitangulia mikono. Penye kumbukumbu ya namna hiyo, jibu lililotengwa na swali lake huzaa uvumi upesi.

Barua hufuatanaje?

Kila barua pepe hubeba namba yake ya siri, ambayo kwa kawaida hatuioni. Ukiijibu, jibu lako hubeba pia namba ya barua uliyoijibu. Utaratibu huu umo katika kanuni za barua pepe za mwaka 1982. Kwa namba hizo kompyuta hupanga swali na majibu yake pamoja. Lakini mkusanyo nao una namba yake. Ukiujibu, jibu lako hufungwa kwenye mkusanyo wote, na kichwa chake kinakuwa "Mkusanyo namba 14", ambacho hakimwambii mtu lolote.

Hatua za kufuata

1. Kama barua zimo ndani ya mkusanyo kama viambatanisho, fungua ile unayotaka kujibu, kisha ujibu hiyo. Mara nyingi mfululizo utabaki mzima.
2. Kama haiwezekani, futa kichwa cha mkusanyo na uandike kichwa cha barua yenyewe, kwa mfano: "Re: Kualika vijana wachimbaji". Namba haitarekebishika, lakini wasomaji wataelewa.
3. Nakili sentensi unazojibu tu, na juu yake utaje aliyeziandika. Futa barua nyingine zote.
4. Andika jibu chini ya maneno hayo, kwa sentensi kamili: "Nakubali vijana waalikwe Jumamosi." Usiandike "nakubali" peke yake.
5. Mjadala ukiwa mkali, omba upokee barua moja moja hadi uishe.
6. Jibu likienda vibaya, tuma sahihisho siku hiyo hiyo kwa kikundi chote, si kwa mtu mmoja.

Zoezi (dakika 30)

Wawili wawili, andikeni upya jibu la mjumbe wa Mkusanyo namba 14 kwa kufuata hatua ya 2 hadi ya 4. Mpeni mtu ambaye hakuusoma mkusanyo. Je, anaelewa mjumbe amekubali nini?

Maswali ya kujadiliana

- Je, katika kamati yenu kuna neno ambalo likisomwa peke yake linaweza kuumiza watu?
- Nani atakumbusha wenzake hatua hizi pale hasira zinapopanda?