Mwanao Akiwa Chuoni, Muulize na Mengine

Kaya nyingi za Mwigobero, hapa Musoma, humsomesha mtoto kwa fedha ya dagaa, genge au bodaboda, na akishafika chuo cha Butiama, Mwanza au Dodoma, simu ya nyumbani huwa na maswali mawili: bumu la mkopo limeingia? Matokeo yametoka? Ni maswali halali. Ila kwa kijana aliyefeli masomo matatu na anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kila simu humkumbusha kuwa yeye ni mtaji wa ukoo, na kwamba mtaji huo unazama. Hapo ndipo wazo la kujiua linaweza kuingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwa wenye miaka 15 hadi 29, hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Sababu haiwi moja: kuna sonona, ulevi, madeni, mapenzi yaliyovunjika. Familia haiwezi kuziondoa zote. Hofu kwamba akifeli hana tena kwao, hiyo inaweza kuiondoa, tena kabla ya mitihani: "Hata ukidisko, hapa ni kwenu."

Wapo watakaosema kumuuliza kijana habari za kujiua ni kumtia wazo. Tafiti zinaonyesha kinyume: kuulizwa waziwazi hakuongezi hatari, na wengi hupata nafuu. Akisema amechoka kuishi, akijitenga, akianza kugawa vitu vyake, muulize: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Kisha nyamaza, umsikilize. Si lazima uwe daktari. Kule Zimbabwe walifunzwa wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao bibi wa mtaani, kusikiliza watu kwenye mabenchi ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta sonona na mawazo ya kujiua yamepungua zaidi kwa waliokaa nao. Shangazi asiye mkali anafaa kuanza. Maombi nayo yaendelee, sambamba na tiba.

Wengine huficha hali hiyo kwa kuogopa polisi. Kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hukitaja kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza na kutafuta tiba si kosa. Ukiona hatari, usimwache peke yake, fungia dawa za shamba na vidonge, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Musoma siku hiyohiyo. Akiwa mbali, mpigie mshauri wa wanafunzi wa chuo chake amfuate chumbani, nawe upande basi.